Kadi za Picha za Sikukuu: Igeuze Uone Nani Kaandika Nyuma

Kimya kirefu, najua. Kazi za semina zilinibana mpaka kibaraza hiki kikaota nyasi. Leo nimepata upenyo, na kwa kuwa Desemba imeshaingia nimeona nizungumzie jambo ambalo hapa bwenini limeleta ubishi kweli kweli: kadi za sikukuu zenye picha yako mwenyewe, unazotengeneza mwenyewe, kwa hela ya mwanafunzi ambaye bumu lake limeisha zamani.

Wabishi wanasema hivi: kadi ni mambo ya Wazungu, na Krismasi yao ya theluji wabaki nayo huko huko. Sisi tutume meseji, yameisha. Mmoja akaongeza kwamba vijijini hakuna mtu aliyewahi kuwa na habari na kadi, hayo ni ya watu wa mjini. Sasa mimi nasoma historia, na kwetu ni Migato. Kwa wasiojua, Migato ni kata katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Kabla mkoa huo haujaanzishwa mwaka 2012 tulikuwa tunahesabika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Nikaona nijibu kwa maandishi, maana ubishi wa bwenini anashinda mwenye sauti kubwa.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kadi ya picha ina pande mbili. Mbele kuna sura, nyuma kuna maandishi. Ukitaka kujua kadi ni ya nani, igeuze uone nani kaandika nyuma. Ukitumia kipimo hicho utakuta kwamba jambo hili kwetu lina historia ndefu, na Migato imo ndani.

ILIANZA NA WENYE NAZO

Kadi ya Krismasi inayotajwa kuwa ya kwanza kuchapwa kwa biashara ilitoka London mwaka 1843. Bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ichapwe nyingi. Zikachapwa kama 1,000 hivi, zikauzwa shilingi moja ya Kiingereza kila moja. Kibarua wa kawaida wa Uingereza ya wakati ule asingethubutu kutoa shilingi nzima kununua salamu. Kilichosaidia ni kwamba miaka mitatu nyuma, 1840, posta ya kule ilikuwa imeanza kupeleka barua nchi nzima kwa peni moja tu. Kutuma kukawa rahisi kabla kadi yenyewe haijawa rahisi.

Postikadi nayo, ile kadi isiyo na bahasha, ilianza Austria-Hungaria mwaka 1869. Haikuwa na picha. Upande mmoja anwani, upande wa pili maneno, basi. Picha zilikuja baadaye. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ikatoa kamera ya Brownie kwa dola moja, na mwaka 1903 ikatoa kamera ya kukunja ya aina ya 3A iliyopiga picha yenye ukubwa ule ule wa postikadi. Ikauza pia karatasi za kusafishia picha ambazo nyuma zilikuwa zimeshachapwa mistari ya anwani. Maana yake mtu alipiga picha familia yake, akaisafisha jikoni kwake, akabandika stempu akatuma. Kwa hiyo anayedhani kadi ya picha ya kutengeneza nyumbani imeletwa na kompyuta ajue kwamba imepita miaka mia moja na ushee.

SISI TULIINGIA TUKIWA PICHA

Hapa ndipo historia inapotugusa. Zanzibar ya mwishoni mwa miaka ya 1800 ilikuwa na wapiga picha wenye maduka, wengi wao Wagoa. Majina makubwa yalikuwa Gomes na Coutinho. Walipiga picha bandari, mitaa ya Mji Mkongwe, nyumba za sultani, na watu: wachukuzi, wauza samaki, wanawake waliovaa kanga. Picha hizo zikatengenezwa postikadi na abiria wa meli wakazinunua kuwatumia ndugu zao Ulaya na India. Huku bara, wakati wa utawala wa Wajerumani, mpiga picha Walther Dobbertin alifika mwaka 1906 akapiga picha nyingi sana za koloni. Nyingi ziko hadi leo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani.

Ukizitazama kadi za aina hiyo, zina jambo moja linalokera. Mara nyingi maelezo yake ni kabila au kazi. Mwanamke wa Kiswahili. Wapagazi. Askari. Jina la mtu hakuna. Aliyepigwa picha hakuambiwa sura yake inaenda wapi wala inamsalimu nani.

Halafu kuna suala la nafasi ya kuandika. Kwa miaka mingi sheria za posta zilisema nyuma ya postikadi ni kwa ajili ya anwani peke yake. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe, nusu anwani nusu maneno, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata 1905, Marekani 1907. Kabla ya hapo mwandishi alibanana pembeni mwa picha yenyewe. Hebu fikiria, mtu wa kwetu kasimama pale, na salamu za Noeli za bwana mwingine zimeandikwa kuzunguka miguu yake! Sura yetu, maneno yao. Kwa kadi hizo wabishi wa bwenini wana haki kabisa. Zilikuwa mambo ya Wazungu.

TUKAANZA KULIPA WENYEWE

Mambo yalianza kugeuka pale mtu wa kawaida alipoingia studio kwa hela yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio hapo Zanzibar, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza baada yake. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh iliyopendwa sana. Watu wa pwani walikwenda studio wakiwa wamevaa vizuri, hasa sikukuu ya Idi, wakachagua wakae vipi, washike nini, nyuma yao kuwe na pazia gani. Anayelipa ndiye anayeamua. Na moja ya saizi zilizokuwa zinaulizwa studio iliitwa saizi ya postikadi, hata kama picha haikukusudiwa kupita posta.

Lamu kulikuwa na fundi mmoja ambaye mimi namhesabu kuwa babu wa wote wanaotengeneza kadi za picha nyumbani. Ni Omar Said Bakor. Huyu alikata sura za wateja kwa mkasi akazipandikiza ndani ya picha nyingine, kwa mfano katikati ya ua, kisha akaipiga picha ile kazi nzima upya. Hakuwa na kompyuta. Mkasi, gundi, kamera na subira, basi. Leo programu ya simu inafanya kitu hicho hicho kwa sekunde tano, tena mara nyingi vibaya kuliko yeye.

Mombasa tena, pale kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vilivyopambwa kwa mandhari za kuchora, maua ya plastiki na mapambo ya sikukuu. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Picha waliituma nyumbani ili wazazi waone kwamba mtoto yu hai, ana viatu, na mji haujamshinda. Hiyo ni salamu ya sikukuu hata kama haina neno lolote lililochapwa.

Na kama waliyataka maneno mbele ya picha, mafundi wa chumba cha giza walijua pa kuyapitisha. Ukiandika kwa wino mweusi juu ya negativu, kinyumenyume, maneno yanatokea meupe juu ya picha. Ndivyo studio nyingi duniani zilivyoweka salamu na mwaka, bila mtambo wa uchapaji.

MIGATO: PAMBA, BAISKELI NA MKANDA WA PICHA

Haya, tuje nyumbani. Migato hatukuwa na studio. Wazee wanasimulia kwamba mpiga picha alikuja na baiskeli siku za mnada wa ng'ombe, na zaidi sana wakati wa malipo ya pamba. Anafunga shuka ukutani au kwenye mti, mnapanga mstari, unatoa kianzio. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na hakuna mpiga picha mwenye akili aliyekwenda mjini kuusafisha kabla haujaisha. Kwa hiyo unasubiri majuma, pengine mwezi na zaidi, mpaka arudi kutoka Bariadi, Shinyanga au Mwanza na bahasha yake. Kama ulifumba macho, shauri yako.

Sasa angalieni kalenda. Usukumani pamba inapandwa kuanzia Novemba, mvua zikikolea, na inauzwa katikati ya mwaka. Desemba ni mwezi wa jembe. Mfuko mtupu, ghala linapungua, watu wako shambani. Krismasi inakuta familia ya mkulima haina hela ya studio. Hela ilikuwepo Julai na Agosti, wakati wa malipo, Saba Saba na mashindano ya ngoma.

Bibi yangu ana sanduku la bati chini ya kitanda. Likizo iliyopita niliomba ruhusa nikazihesabu picha zake zote. Zipo 41, na 26 zimeandikwa nyuma. Nilichokiona ni kwamba picha nyingi zina tarehe mbili. Moja ni ya kupigwa, mara nyingi Julai au Agosti. Nyingine ni ya kutumwa, Desemba ya mwaka huo huo, pamoja na maneno ya Krismasi na Mwaka Mpya. Yaani watu walipiga picha wakati wa pamba, wakaihifadhi miezi mitano, wakaigeuza kadi wakati wa sikukuu! Bila kununua kitu kingine zaidi ya bahasha na stempu. Na ilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, maana nani alikuwa na S.L.P. yake kijijini? Ukiniuliza kadi ya picha ya bei nafuu ilibuniwa lini kwetu, nitakujibu kwamba iko chini ya kitanda cha bibi.

Na maandishi yenyewe yana historia yake. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yakasambaa kila kona, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki asilimia 10 hivi. Bibi ni wa kisomo. Anasema walisoma jioni chini ya mkwaju baada ya shamba. Herufi zake ni kubwa, zimesimama kama watoto mstarini. Barua nzima ilimchosha, lakini mistari mitatu nyuma ya picha aliimudu. Kwa watu wa rika lake nyuma ya picha palikuwa daftari la kwanza ambalo hakuna mwalimu wa kusahihisha.

Linganisheni sasa na zile postikadi za Zanzibar na za Dobbertin. Kule sura haina jina na mwandishi ni mgeni. Huku jina lipo, mwandishi ni mwenye sura, na anayetumiwa ni dada yake. Mambo ya Wazungu yaliishia hapo.

Maktaba yetu hapa Mlimani ina mkusanyo wa Hans Cory, yule mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika kwa kirefu kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Ni hazina, sibishi. Lakini ukitafuta habari za mkulima mmoja wa Migato, alioa lini, alivaa nini siku aliyouza pamba vizuri, huipati humo. Iko kwenye masanduku ya bati.

ZIKAADIMIKA, ZIKARUDI, ZIKAPOTEA

Kwenye sanduku la bibi kuna pengo. Miaka ya mwanzo ya 1980 picha ni chache mno. Wanaoijua historia ya nchi hii hawatashangaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, sembuse mkanda wa picha ambao kila kitu chake kinatoka nje.

Mlango ulipofunguliwa enzi za Mzee Mwinyi, hasa baada ya 1986, bidhaa zikarudi. Picha za rangi zikaingia, na kadi za dukani nazo zikafika kwa wingi, zile zenye theluji na mti wa msonobari. Ukweli usemwe, zilipendeza, na watu walizinunua. Hapa Dar es Salaam Desemba ilikuwa haiishi bila kuona zimepangwa barabarani karibu na posta. Lakini kadi ya dukani haikuwa na sura ya mtu yeyote wa ukoo, kwa hiyo nyumbani ilikaa ukutani mpaka ikafifia, ikatupwa. Picha ilirudi sandukuni.

Kisha ikaja simu. Kuanzia miaka ya 2000 meseji ya Krismasi ikawa rahisi kuliko stempu, na baadaye WhatsApp ikaleta picha yenyewe. Kodak, ile ile ya Brownie, iliomba ulinzi wa mufilisi Marekani mwezi Januari 2012. Mwaka huo huo Simiyu ikawa mkoa. Basi mkoa wetu umezaliwa wakati mkanda wa picha unazikwa.

Sina ugomvi na simu. Tunapiga picha nyingi kwa siku moja kuliko alizopigwa bibi maisha yake yote. Ila zina nyuma gani? Huwezi kuigeuza picha ya simu ukaandika. Binamu yangu simu ilimponyoka ikatumbukia kisimani, ikaenda na harusi ya dada yake, msiba wa baba yake na mtoto wake wa kwanza akiwa na wiki moja. Alikuwa hajachapisha hata moja.

Na karatasi nayo bila maandishi haina usalama. Kumbukeni hesabu: picha 41, zenye maandishi 26. Zimebaki 15 bubu. Bibi ana miaka themanini na kitu, macho yanafifia. Moja ya hizo bubu ina wanaume watatu wamesimama mbele ya ghala la pamba. Wa kushoto anamjua, ni kaka yake aliyehama na ng'ombe kuelekea Rukwa. Wa kulia anamkisia. Wa katikati hamkumbuki kabisa. Siku bibi akituondokea, hao wawili watakuwa sawa na wale wapagazi wa kwenye postikadi ya Mjerumani. Sura bila jina, ila safari hii tutakuwa tumejifanyia wenyewe.

JINSI NINAVYOTENGENEZA ZANGU

Ndiyo maana mwaka huu nimetengeneza kadi za aina mbili. Za kwanza zina picha mpya ya familia. Za pili zina ile picha ya wanaume watatu, kwa ajili ya ndugu waliotawanyika Geita, Kahama na Rukwa, na nyuma nimeacha mistari mitupu wajaze. Nawapeni utaratibu mzima, mjaribu.

1. Picha. Kama ni ya zamani, ilaze mahali tambarare nje, kwenye kivuli, simu iwe sambamba nayo, usiwashe taa ya simu maana itang'aa. Kisha peleka studio wakuchapie kwenye karatasi ya picha saizi ya sm 10 kwa 15. Picha za printa ya wino huchujuka zikilowa, na hii ni Desemba ya mvua.

2. Ujanja wa kubana matumizi. Picha nne ndogo zinaingia kwenye karatasi moja ya sm 10 kwa 15, kila moja inakuwa sm 5 kwa 7.5. Waambie studio wakupangie, ni kama wanavyopanga za pasipoti. Mimi nimechapisha karatasi 7 tu. Tatu nimezikata zikawa picha ndogo 12, nne nimeziacha kubwa. Jumla kadi 16.

3. Manila. Yangu ilikuwa karibu sm 84 kwa 59, pima na ya kwako. Ukikata vipande vya sm 22 kwa 16 unapata 10. Kipande kizima ukikikunja katikati unapata kadi ya sm 11 kwa 16, picha kubwa inakaa na ukingo wa nusu sentimita. Ukikigawa kwanza mara mbili kisha ukakunja, unapata kadi mbili za sm 8 kwa 11 za picha ndogo. Vipande 6 kwa zile 12, vipande 4 kwa zile 4. Manila moja imetosha, wala hakikubaki kipande.

4. Usigandishe picha kwa gundi! Hapa ndipo penyewe. Ukipaka gundi umeziba nyuma milele. Weka picha juu ya manila, weka alama za kona nne kwa penseli, kisha kwa wembe chana mkato wa mshazari kwenye kila kona, upite kama sentimita moja kutoka kwenye ncha. Ingiza kona za picha kwenye mikato. Inashika vizuri na inatoka bila kuchanika.

5. Kabla ya kuiingiza, andika nyuma ya picha. Majina kamili, kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali. Siku, mwezi na mwaka. Aliyepiga. Tumia penseli laini, na kama karatasi inateleza na kuikataa, tumia kalamu ya wino usiofutika, uache ikauke kabla hujazipanga. Kalamu ya kawaida usiikandamize, itaacha makovu mbele. Za kulaminati zinavutia, lakini ukishalaminati hakuna mtu atakayeongeza neno tena.

6. Salamu ziandike ndani ya kadi, kwa mwandiko wako. Kwa watu wazima wa kwetu mimi naanza na Mwangaluka, ndipo Krismasi ifuate.

7. Bahasha. Karatasi moja ya A4 inatosha. Laza kadi kubwa katikati, kunja pande mbili za kulia na kushoto, kisha kunja chini kwenda juu, kilichobaki ni kifuniko. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Nimepika kwenye sufuria ya chumba cha jirani, ananidai kusugua.

Gharama zote, picha, manila na karatasi, hazikufikia bando ninalochoma kwa wiki mbili. Za Migato nimezifunga pamoja nikampa mtu wa basi la Bariadi, huko zitachukuliwa na bodaboda. Za Geita, Kahama na Rukwa nilizitanguliza mapema kwa posta.

Kwa hiyo, wabishi wangu wapendwa, kadi yenye theluji ni ya watu, sawa. Hii ya manila yenye sura za kwenu na mwandiko wenu mnampa Mzungu gani? Tena ndugu zangu Waislamu, Idi nayo inakuja kila mwaka, na pwani ndiko walikotutangulia kwenye haya mambo.

Nimalizie na habari ya jana. Baba mkubwa wa Geita amepata kadi yake akapiga simu. Yule wa katikati ana jina. Alikuwa mpima pamba pale ghalani, na wa kulia, yule ambaye bibi alikuwa anamkisia, ni mtoto wa ndugu yake. Majina sitayaweka humu, ni ya ukoo, lakini nimemwomba baba mkubwa ayaandike nyuma kwa mkono wake na kuirudisha hiyo picha Migato. Zimebaki bubu 14. Mwenye bibi, babu au shangazi mwenye sanduku, likizo ndiyo hii, nenda na penseli.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, wadau. Nawasilisha.